Mkono Unaofumua: Kisa cha Picha Jongefu za Kufundishia Ususi wa Ukili

Kisa hiki kimetoka kwenye kikundi kimoja cha akina mama wasusi katika wilaya ya Bagamoyo. Jina la kikundi, vijiji, duka na watu wote nimeyaondoa, na mambo mawili matatu yasiyogusa hoja nimeyabadilisha ili wasitambulike. Wahusika wakuu ni wawili. Bibi ndiye msusi mkongwe wa kikundi. Kijana ni mjukuu wa mwanakikundi mwingine, anafanya kazi steshenari mjini na mwisho wa juma hurekodi video za harusi na ngoma. Mimi niliitwa mambo yakiwa yameshaanza kukwama, faili zilipokuwa zinakataa kufunguka kwenye simu za wanafunzi.

Usuli

Kikundi kinasuka mikeka, vikapu na makanda (mifuko ya kusukwa) ya ukindu. Kwa asiyeijua kazi hii: majani ya mkindu hukaushwa, huchanwa kuwa chane nyembamba, baadhi huchemshwa na rangi, kisha chane husukwa kuwa ukili, ambao ni utepe mrefu usiokatika. Ukili ukishonwa ubavu kwa ubavu unakuwa mkeka, ukishonwa kwa kuzungusha unapanda na kuwa kanda. Wakati wa kusuka chane hulowanishwa kidogo zisivunjike, kwa hiyo vidole vya msusi aliye kazini vina majimaji, na kama chane ni za rangi basi vidole navyo vina rangi. Jambo hili linaonekana dogo lakini ndilo lililoamua mengi.

Duka moja la Dar es Salaam liliagiza makanda mengi kuliko mikono iliyokuwapo. Kikundi kikaamua kuwashirikisha akina mama wa kijiji cha pili, mbali na barabara ya lami. Wengi wao walijua kusuka majamvi, ila ukili mwembamba wenye ukingo ulionyooka hawakuuzoea. Bibi alikwenda, akakaa nao, akawaanzisha. Kwenda kila wiki hakuweza: nauli ya bodaboda, magoti, na kazi yake mwenyewe iliyokuwa inamngoja nyumbani.

Kijana akajitolea kurekodi. Video za kwanza zilikuwa za dakika kadhaa kila moja, Bibi akisuka na kueleza, zikatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Wachache walizifungua, na waliozifungua walitazama mara moja tu. Bando lilikuwa sababu mojawapo. Sababu ya pili ilimshangaza Kijana: kila mwanafunzi alipotaka kurudia hatua moja, ilibidi aache chane, afute vidole, atafute ile sehemu kwenye video kwa kusukuma mbele na nyuma, na akirudi kwenye kazi yake chane zimeshalegea. Hapo ndipo alipowaza GIF, picha fupi inayojirudia yenyewe bila mtu kuigusa simu.

Wazo lilikuwa sahihi na ningelitetea mbele ya yeyote. Kusuka ni mwendo mfupi unaorudiwa mara elfu, na mikono ya mwanafunzi haina nafasi ya kubonyeza kitu. Kazi chache zinaifaa GIF kama hii.

Jaribio la kwanza

Kijana alichukua zile video ndefu, akakata vipande vya sekunde 8, akavipakia kwenye tovuti ya bure ya kugeuza video kuwa GIF. Faili zilizorudi zilikuwa nzito kuliko vipande vyenyewe vya video, na zilikuwa na chapa ya tovuti pembeni, juu kabisa ya kidole gumba cha Bibi. Kwenye simu za kijiji cha pili baadhi hazikufunguka na baadhi zilicheza kwa kusuasua. Ngozi ya mikono ya Bibi ilijaa mabaka. Akajaribu tovuti nyingine akapata yaleyale.

Tovuti hazikuwa na kosa kubwa. GIF ni mfumo wa zamani, ulitolewa na kampuni ya CompuServe ya Marekani mwaka 1987, enzi ambazo picha zilipitishwa kwenye laini za simu za mezani, na lengo lake lilikuwa picha za rangi zisizocheza. Toleo la mwaka 1989 ndilo lililoleta muda wa kusubiri kati ya fremu na fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda mwendo, na ule mtindo wa kujirudia bila kikomo ulikuja na kivinjari cha Netscape mwaka 1995. Mwendo umo ndani ya GIF kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni lakini hakutengewa chumba. Kila fremu ina orodha ya rangi zisizozidi 256, ilhali video ya simu inaweza kuonyesha zaidi ya milioni 16. Sauti haimo kabisa. Kubwa zaidi ni kwamba video ya MP4 inajua kuandika kuwa "kipande hiki cha picha kimehamia pale", na GIF haijui kuhama. Linalowezekana kwake ni kuziacha pikseli, yaani vitone vidogo vinavyounda picha, ambazo hazikubadilika tangu fremu iliyopita zibaki zilivyo, na kuandika upya zilizobadilika.

Tukae na hesabu kidogo, maana ndiyo iliyomgeuza Kijana mawazo. Kipande chake kilikuwa na upana wa pikseli 1280 na kimo cha 720, ambazo ni pikseli 921,600 kwa kila fremu. Sekunde 8 kwa fremu 25 kila sekunde ni fremu 200. Zidisha: pikseli 184,320,000, kila moja ikichukua baiti 1 kabla ya kubanwa. Hiyo ni zaidi ya MB 184 za kuanzia. Kubana kunapunguza sana pale ambapo picha imetulia, na hapa hapakuwa na kilichotulia.

Kwa nini hapakuwa na kilichotulia? Kwanza kamera ilikuwa mkononi. Bagamoyo ni mji wa sanaa, una chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, na kijana wa hapa anayejifunza kamera huanzia kwenye ngoma, ambako kamera hucheza pamoja na mchezaji. Kijana aliingia nao mtindo huo kwenye ususi. Akimsogelea Bibi, akimzunguka, kila pikseli inabadilika. Pili, Bibi alikaa chini ya mwembe, na vivuli vya majani vilikuwa vinatembea juu ya kila kitu. Tatu, ukili ulilazwa juu ya kanga. Kanga ilipendeza, lakini ilikuwa na rangi kali nne na maandishi, nayo ikagombea zile rangi 256 na mikono ya Bibi. Mikono ndiyo iliyoshindwa, maana vivuli vya ngozi ni vingi na vinakaribiana, na programu ikikosa nafasi huvirundika pamoja. Mabaka yalitoka hapo.

Kurekodi upya

Uamuzi wa kwanza tulioufikia ulikuwa kuacha kuhangaika na programu kabisa mpaka video mpya ipatikane. Kijana hakuupenda. Alikuwa ameshasoma maelezo mengi ya kupunguza ukubwa wa faili na alitaka kuyajaribu. Nilimweleza kuwa angeweza kupunguza faili ile mpaka ikafunguka, lakini kilichomo ndani kingebaki hakisomeki.

Video mpya zilirekodiwa barazani, asubuhi, mahali penye kivuli cha ukuta ambacho hakitikisiki. Simu ilifungwa kwenye stendi, nyuma ya bega la Bibi, ikitazama chini. Hili la bega nalisisitiza. Kwenye video za awali Kijana alikaa mbele ya Bibi, kwa hiyo mkono wake wa kulia ulionekana kushoto. Kwenye mazungumzo au harusi hilo halina neno. Kwenye ususi, ambako chane ya ukingoni hukunjwa kuelekea upande maalumu, mwanafunzi analazimika kugeuza kila kitu kichwani huku anasuka. Klipu moja ya awali ilikuwa mbaya zaidi: ilirekodiwa kwa kamera ya mbele, ambayo kwenye baadhi ya simu huhifadhi picha iliyogeuzwa kama kioo, kwa hiyo iligeuzwa mara mbili na ikaonekana kama ni sahihi ilhali klipu za jirani yake haziko hivyo. Wanafunzi walikuwa wanapokea maelekezo yanayopingana bila kujua.

Kanga ilitolewa, pakatandikwa kitambaa cheusi kisicho na ua.

Bibi ndiye aliyeleta wazo bora kuliko yote ya siku ile. Alipoona tunapima mwangaza na kuhangaika jinsi ya kuonyesha chane ipi ndiyo inayotembea, aliingia ndani akatoka na chane chache za zambarau. Akasuka ukili wa rangi ya asili, na ile chane moja ya kufuatiliwa akaiweka ya zambarau. "Wanangu nilivyowafundisha ndivyo hivi," alisema. "Mtoto humwambii tazama zote. Mwambie tazama hii." Kwa hiyo kila klipu ikawa na chane moja ya rangi, na jicho halina pa kupotelea. Faida ya pili ilikuja bila kuombwa: kitambaa cheusi, ukindu wa rangi ya majani makavu, zambarau moja na ngozi. Rangi 128 zilitosha, na mabaka yakaisha.

Kasi ilisumbua. Mkono wa Bibi ni mwepesi mno kwa jicho la mwanafunzi, lakini Bibi alipoombwa asuke polepole alikosea. Mkono uliozoea hauwezi kugawanya mwendo wake kwa amri. Akijaribu, anafikiri, na akifikiri anasahau. Tukamwacha asuke kama kawaida yake, simu ikarekodi kwa fremu 60 kila sekunde, na kupunguza kasi kukaachiwa kompyuta. Sekunde moja na nusu ya mkono wake ikawa sekunde 3 za kutazama, na bado ni mwendo wa kweli.

Klipu chache zilizorekodiwa kwa simu ya kuazima zilitoka zimepauka baada ya kugeuzwa. Simu ile ilikuwa inarekodi kwa HDR, mtindo wa kuhifadhi mwangaza na rangi kwa upana zaidi ya kawaida, na programu ya kugeuza haikujua kuzirudisha rangi zile kwenye kiwango cha kawaida. Tulizima HDR tukarekodi tena. Hakuna zaidi ya hapo.

Mkono unaofumua

Sasa klipu zilikuwa safi, faili zilikuwa nyepesi, na hapa ndipo kosa lenyewe la kufundisha lilipojitokeza.

Kijana alitaka picha zijirudie bila mshono kuonekana. Mtu yeyote anayetengeneza GIF hutamani hivyo, kwa kuwa inapendeza: mwisho unaingia kwenye mwanzo na mwendo hauishi. Njia rahisi ya kuipata ni kucheza klipu mbele, kisha kuirudisha nyuma, mbele, nyuma. Mshono hauonekani kwa sababu fremu ya mwisho ni jirani wa fremu inayofuata. Alitengeneza klipu ya ukingo kwa njia hiyo akamwonyesha Bibi kwenye simu.

Bibi akaitazama kitambo. Kisha akauliza, "Mbona mkono unafumua?"

Kweli. Chane ya zambarau ilipita juu ya mwenzake, ikaingia chini ya wa pili, halafu ikatoka chini, ikarudi juu, ikajinyoosha. Nusu ya picha ilikuwa inafundisha kusuka na nusu ya pili inafundisha kubomoa, na mwanafunzi asiyeijua kazi hana namna ya kutambua nusu ipi ni ipi. Kijana alicheka kwa aibu, akasema, "Hilo sikuliona, Bibi." Asingeweza kuliona, maana yeye alikuwa anatazama picha, na Bibi alikuwa anatazama kazi.

Akaacha mtindo wa mbele na nyuma, lakini wazo la kutoonekana mshono hakuliacha. Alitafuta mahali ambapo mkono unarudi kwenye nafasi uliyoanzia, akakata hapohapo, na kwa kuwa kusuka ni mwendo wa kujirudia alifanikiwa vizuri sana. Klipu hizi zilikuwa nzuri kweli. Zikatumwa kijiji cha pili, na baada ya siku kadhaa zikarudi picha za ukili uliopinda kama upinde.

Mwanakikundi mmoja alikwenda kutazama kilichotokea. Wanafunzi walikuwa makini, walikuwa wameiga walichokiona. Ila kwenye picha isiyo na mwanzo kila mmoja alijichagulia mwanzo wake. Wengine walianza hatua pale chane inapokunjwa ukingoni. Wengine walianza pale inapopita chini ya mwenzake, kwa hiyo mkunjo kwao ulikuwa jambo la mwisho, nao waliukaza wakati chane za katikati bado zimelegea. Upande mmoja ukavutwa kuliko mwingine. Mzunguko ni uleule, chane ni zilezile, lakini mpangilio wa kukaza umehama, na ukili ukapinda.

Marekebisho yalikuwa mepesi kuliko kosa lenyewe. Kila klipu ilikatwa upya ianze mikono ikiwa imeshika chane kwa kuanza hatua, na iishe Bibi akiinua mikono yote miwili kutoka kwenye ukili, ili kazi ionekane wazi bila kidole juu yake. Fremu hiyo ya mwisho inasimama kwa sekunde 1 na kidogo kabla picha haijaanza upya. Pembeni mwa kitambaa palibandikwa karatasi yenye namba ya hatua, ikarekodiwa pamoja na mikono, hivyo hakuna programu wala ukataji utakaoiondoa. Mshono sasa unaonekana waziwazi, tena unaruka. Bibi alipoona alisema tu, "Hapo sawa."

Faili mbili kutoka klipu moja

Kijana alikuwa na kompyuta ya steshenari jioni, na humo aliweka FFmpeg, programu ya bure isiyobandika chapa juu ya kidole cha mtu. Amri aliyoishia kuitumia ni hii:

ffmpeg -ss 4 -t 1.5 -i ukingo.mp4 -vf "setpts=2*PTS,fps=12.5,crop=ih:ih,scale=400:400:flags=lanczos,tpad=stop_mode=clone:stop_duration=1.2,split[a][b];[a]palettegen=max_colors=128:stats_mode=diff[p];[b][p]paletteuse=dither=bayer:bayer_scale=3:diff_mode=rectangle" -loop 0 ukingo.gif

Inatisha kuitazama lakini kila kipande kina kazi yake. Inaanzia sekunde ya 4 ya video, inachukua sekunde moja na nusu, inapunguza kasi kwa nusu. Fremu ni 12.5 kwa sekunde kwa sababu GIF hupima muda kwa sehemu za mia za sekunde, na namba lazima iwe nzima: sehemu 8 zinatoa 12.5 kamili. Fremu 30 kwa sekunde zingehitaji sehemu 3.33, kitu ambacho hakipo, na programu ingekadiria. Ukitaka kwenda kasi mno unaumia zaidi, maana vivinjari vingi vikikuta muda wa sehemu 0 au 1 huvifanya kuwa 10, na picha inatambaa. Kisha picha inakatwa mraba, inapunguzwa kuwa pikseli 400 kwa 400, na fremu ya mwisho inasimamishwa.

Sehemu ya rangi ndiyo yenye siri. FFmpeg isipoambiwa lolote hutumia orodha ya rangi iliyopangwa kabla. Hapa programu inapitia klipu nzima kwanza, inachagua rangi 128 zinazoifaa klipu hiyo, na kwa kuambiwa "diff" inazipa uzito zile za sehemu zinazobadilika, ambazo ni mikono na chane. Kitambaa cheusi hakipewi kipaumbele. Rangi zinazokosekana zinaigizwa kwa kutawanya vitone kwa mpangilio usiobadilika. Upo mtawanyo mwingine unaopendeza zaidi kwenye picha iliyotulia, wa Floyd na Steinberg, lakini kwenye mwendo vitone vyake huchemka kutoka fremu hadi fremu, na pikseli zilizotulia zinahesabiwa zimebadilika.

Hesabu mpya: pikseli 160,000 kwa fremu, fremu 38 za mwendo, jumla takriban 6,080,000. Ni karibu sehemu moja ya 30 ya pale tulipoanzia, kabla hata ya kubana. Fremu zilizosimama mwishoni hazina uzito wa kuzungumzwa, maana hakuna kinachobadilika ndani yake. Faili za GIF zikawa karibu MB 1.

Lakini kwenye WhatsApp hakukuwa na haja ya GIF hata moja. WhatsApp yenyewe, ukituma GIF, huigeuza kuwa kipande cha MP4 kisicho na sauti, na inatoa nafasi ya kukata video fupi na kuituma kama GIF moja kwa moja. Kuitengeneza GIF, kuipunguzia rangi, halafu kuikabidhi kwa programu itakayoirudisha kuwa video ni kazi ya hasara: rangi zilizopotea hazirudi. Kijana akawa anatoa faili mbili kwa kila klipu, MP4 isiyo na sauti kwa ajili ya wanafunzi na GIF kwa ajili ya duka. MP4 ilikuwa ndogo kuliko GIF yake na rangi zake zilikuwa kamili. Ndiyo maana fremu ya mwisho tuliisimamisha ndani ya mwendo wenyewe, wala hatukuiandika kama maelekezo ya GIF peke yake, ili isimame kwenye faili zote mbili.

Duka lilihitaji GIF kwa sababu ya barua pepe. Kanda likifika kwa mteja huwa limelazwa bapa, na wateja walikuwa wanalifungua kwa nguvu mpaka mshono unakatika. Barua pepe kwa kawaida haichezi video, GIF inacheza. Yapo matoleo ya zamani ya Outlook ya kompyuta yanayoonyesha fremu ya kwanza tu, kwa hiyo klipu ya duka ilianzishwa na fremu ya kanda lililokwisha kufunguka, ndipo mwendo ukafuata. Anayeona picha iliyokwama bado anaona jambo la maana. Kwenye tovuti yao duka liliweka video yenye kitufe cha kusimamisha, jambo ambalo miongozo ya W3C, shirika linalotunga viwango vya wavuti, inalitaka kwa mwendo wowote unaoanza wenyewe, unaozidi sekunde 5 na unaochezea pembeni mwa maandishi ambayo mtu anayasoma.

Ruhusa na siri ya kazi

Bibi alikubali mikono yake ionekane, uso hapana, sauti hapana. Ukosefu wa sauti kwenye GIF, ambao Kijana aliuhesabu kuwa upungufu, kwa Bibi ulikuwa sharti. Wanakikundi wengine walikuwa na wasiwasi mwingine: nakshi. Kikundi kina mpangilio wake wa rangi ambao wateja wanautambua, na picha inayojirudia polepole ni zawadi kwa mwigaji. Walibishana jioni nzima. Walichokubaliana ni kuwa klipu zionyeshe ukingo, kuunga chane mpya pale ya zamani inapoisha, na kufunga mwisho wa ukili. Nakshi ifundishwe ana kwa ana tu. Nadhani waliamua vizuri, ingawa kuna mama mmoja aliyeendelea kusema hata ukingo ulikuwa umetolewa bure.

Matokeo

Ukingo na kuunga chane vilifundishika kwa picha. Ukili kutoka kijiji cha pili ulianza kunyooka, na simu ziliegemezwa ukutani zikicheza wakati watu wanasuka, kama ilivyokusudiwa. Duka liliendelea kutuma klipu ya kufungua kanda.

Kushona kulishindikana. Ukili unaposhonwa kuwa kanda, sindano inapita ndani ya kingo mbili na uzi unafichika. Kamera ya juu haioni chochote zaidi ya mkono unaovuta. Walijaribu kurekodi kwa pembeni wakaona sindano, hawakuona uzi unakwenda wapi. Hata kama ungeonekana, umbo la kanda linategemea uzi umevutwa kwa nguvu kiasi gani, na nguvu haina picha. Makanda ya kwanza ya kijiji cha pili yalikuwa na ukili mzuri na midomo iliyopanuka. Bibi alipanda bodaboda.

Uchambuzi

Mtu akisoma kisa hiki haraka anaweza kudhani tatizo lilikuwa ukubwa wa faili. Ukubwa ulikuwa dalili. Vitu vilevile vilivyoifanya faili iwe nzito, kamera inayotembea, vivuli, kanga, ndivyo vilivyoifanya isisomeke. Stendi, kivuli kilichotulia na kitambaa cheusi vilitibu yote mawili kwa pamoja, na hakuna amri ya FFmpeg ambayo ingefanya hivyo baadaye. Nimewaona watengenezaji wengi wakiingia kwenye programu wakiwa na klipu mbovu na kutoka na klipu mbovu iliyo nyepesi.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulikubali kwa mtu wa kamera. Sifa inayotafutwa kwenye GIF ya burudani, yaani kutoonekana kwa mshono, ni kasoro kwenye GIF ya kufundishia hatua. Mwanafunzi anahitaji kujua mwanzo uko wapi. Kuna mahali ambapo mzunguko usio na mwanzo ungefaa, kwa mfano kumwonyesha mtu anayejua tayari mdundo wa mikono. Kwa anayeanza, kusimama kwa sekunde moja mikono ikiwa juu kulifanya kazi ambayo maneno yangeifanya.

Lililofanikiwa zaidi halikutoka kwangu wala kwa Kijana. Chane ya zambarau na mikono inayoinuliwa ni mbinu za mwalimu ambaye amekaa na wanafunzi miaka mingi. Kwenye jaribio la kwanza Bibi alikuwa ni wa kurekodiwa tu. Klipu zilikwenda kwa wanafunzi bila yeye kuziona. Tangu siku aliyouliza kuhusu mkono unaofumua, hakuna klipu iliyotumwa kabla hajaitazama, na mara mbili alizikataa kwa sababu ambazo Kijana hakuwa amezifikiria, mojawapo ikiwa kwamba chane ilikuwa kavu na mwanafunzi angeiga ukavu huo.

Kilichobaki bila jibu ni kushona. Kijana anapendekeza kanda la mfano lenye ukili mpana na kamba nene ya rangi badala ya uzi, ili njia ya sindano ionekane. Njia itaonekana, hilo sina shaka nalo. Kuhusu nguvu ya kuvuta, Bibi amesema atasuka ukili wa ziada, wanafunzi waje wakae naye barazani wakati wa kushona, na nauli igawanywe kwenye bei ya makanda.